Na Wengine Ambao Muda Hautoshi Kuwataja

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana anayesimamia mitambo ya sauti kanisani kwao. Jina na mji nitaviacha. Aliandika: "Kaka, Bwana asifiwe. Nafika kanisani saa kumi na moja alfajiri kufunga spika, naondoka saa tisa mchana nikiwa wa mwisho. Huu ni mwaka wa nne. Siku pekee kanisa zima linageuka kunitazama ni mikrofoni ikipiga mluzi. Kwaya wameshonewa sare mpya, mimi hata soda sijawahi kuletewa. Niache?"

Nilimjibu kwamba nitamwandikia, kisha nikabaki nimeshika simu. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwaka 2019, neno kwa neno, ukiondoa mluzi.

Kwa hiyo mdogo wangu, na ninyi wengine mnaosoma hapa mkiwa na hamu ileile ya kumtumikia Mungu na (tuseme ukweli) ya kuonekana mkimtumikia, kaeni niwasimulie.

Nilihamia Morogoro kikazi mwaka 2013. Huko nilikotoka nilikuwa mtu. Nilikuwa mwenyekiti wa vijana na mwalimu wa semina; nikisimama kufundisha, watu wanatoa daftari. Moyoni nilijua kwamba uchaguzi wa wazee wa kanisa ukifika, hauwezi kunipita. Jumapili ya tatu tu mchungaji akatangaza kwamba kamati ya Meza ya Bwana, ile ibada ya mkate na divai, inahitaji watu. Nilinyoosha mkono kabla hajafika mwisho wa tangazo. Nilishajiona nimesimama mbele na trei, nimevaa suti nyeusi, watu wamepiga magoti mbele yangu.

Jumamosi saa kumi jioni nikaripoti. Na suti. Nikaelekezwa chumba kilicho nyuma ya sakristia, pale mchungaji anapovalia, nikakuta akina mama wanne, mabeseni matatu na rundo la taulo. Kumbe wanaogawa divai ni watu wengine. Sisi ni wa kuosha.

Kwa wasiojua, sisi Walutheri wa mjini wengi wetu siku hizi tunatumia vikombe vidogo, kila mtu chake. Trei moja inabeba 40. Tulikuwa na trei 14, yaani vikombe 560, na kila kimoja kinapita mkononi mwa mtu. Sabuni yenye harufu hairuhusiwi, kwa sababu itabaki kwenye kioo na Jumapili divai itanukia maua. Unaosha kwa maji ya moto, unasuuza mara mbili, unapindua juu ya taulo, halafu unakausha kwa ncha ya kidole kidogo kilichozungushiwa kitambaa, maana kidole kingine hakiingii. Rangi ya mdomo inataka subira yake peke yake. Divai iliyobaki haimwagwi kwenye sinki. Kwetu inapelekwa nje na kumwagwa ardhini chini ya mwembe, na nyuki wa pale wanaijua ratiba ya Meza ya Bwana kuliko waumini wengi.

Kiongozi wetu alikuwa mkunga mstaafu tuliyemwita Mama Mkubwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua hilo koti, litaloa."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kuingia katika utumishi.

Siku moja, baada ya ibada, nikakuta kikombe kimerudi kimejaa. Nikasema kwa sauti, "Sasa huyu alikuja kuchukua cha nini?" Mama Mkubwa akakitoa mkononi mwangu.

"Mtu akikirudisha kimejaa, baba, ana jambo. Huulizi cha nani. Unamwombea, halafu unakwenda kumwaga."

Akafumba macho palepale alipokuwa amesimama, midomo ikacheza kidogo, akatoka nacho mpaka mwembeni. Tangu siku hiyo nikawa navitazama. Jumapili nyingine kimoja, nyingine hakuna. Ijumaa Kuu moja vilirudi saba. Mchungaji aliyehubiri kwa moto asubuhi ile hakuwa na habari, wala kwaya, wala wazee waliokaa viti vya mbele. Waliojua ni watu watano wenye mikono iliyolowa. Nilipoisoma tena harusi ya Kana, Yohana 2, ndipo nikaona kitu ambacho miaka yangu yote ya semina nilikipita: mkuu wa meza alionja divai asijue ilikotoka, bali watumishi walioyateka maji walijua. Waliojaza yale mabalasi sita ya mawe mpaka juu. Hata mwenye kusifia divai hakujua anachokisifia.

Miaka sita ikapita hivyo. Naiacha, maana vikombe ni vikombe. Uchaguzi wa wazee nao ulipita, na mimi haukunigusa.

Mwaka 2019 usharika ukatimiza miaka 25. Ikafanyika jubilei ya nguvu: maturubai, ng'ombe wawili, wageni kutoka kila mahali. Ukafika wakati wa shukrani. Mzee mmoja wa kanisa akashika orodha. Kamati ya ujenzi. Kwaya zote nne. Waliotoa saruji. Aliyeazima jenereta. Mwenye turubai, ambaye kwa taarifa yako alikuwa amelipwa. Kila anayeitwa anapanda, anapewa cheti chenye fremu na kitenge, anapigwa picha. Mimi nilishafunga kifungo cha koti. Nikaona karatasi inakunjwa. "Na wengine ambao muda hautoshi kuwataja, Mungu awabariki."

Kisha ukafuata mnada wa mavuno. Ulichukua saa moja na dakika arobaini. Jogoo mmoja peke yake alinadiwa robo saa. Muda ulikuwepo.

Pilau sikula. Mke wangu aliponiuliza, "Baba Neema, vipi?" nikamwambia kichwa. Mwezi uliofuata sikuonekana kwenye mabeseni, na uliofuata, na uliofuata tena. Meza ya Bwana tatu. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma nanyoosha shingo, nikisubiri mtu alalamike kwamba vikombe vina madoa. Viling'aa. Hakuna aliyeuliza nilipo. Hilo liliniuma kuliko cheti.

Ijumaa moja jioni Mama Mkubwa akaja nyumbani. Nikajua amekuja kunibembeleza, nikaivaa sura ya mtu wa kubembelezwa, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu jubilei. Akanywa chai. Akauliza hali ya watoto. Akasema, "Baba Neema, zile taulo sita ulizochukua kufua. Tunazihitaji kesho."

Nikamletea. Nikashindwa kunyamaza. "Mama, miaka yote hii, wewe hawajawahi kukutaja?"

Akafikiri kidogo. "Walinitaja. Mwaka ule nilipoangusha trei."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo mojawapo, akaitazama, akanirudishia. "Hii ifue tena."

Kesho yake nikaipeleka mwenyewe, nikavua koti. Lakini usidhani niliponea hapo. Jumapili, nilipopiga magoti na kuchukua kikombe, mbele yangu alikuwa amesimama yuleyule mzee wa orodha, ameshika trei. Koo likakataa. Nikakirudisha kimejaa, kwenye tundu la pembeni kabisa. Saa moja baadaye nilikuwa nyuma nakausha, nikamwona Mama Mkubwa anakiinua kutoka tundu lile. Akafumba macho. Midomo ikacheza. Sikusema neno. Nilibaki nakausha kikombe kimoja kwa muda ambao ningekausha kumi.

Sasa tuzungumze, mdogo wangu.

Fungua Yeremia 45. Ndiyo sura fupi kuliko zote katika kitabu kile, mistari mitano tu, na yote ni ya mtu wa nyuma. Baruku mwana wa Neria ndiye aliyekuwa anaandika kwa wino wakati Yeremia anatamka. Nabii alipozuiwa kuingia hekaluni, Baruku ndiye aliyetumwa kwenda kuwasomea watu. Mfalme Yehoyakimu akakikata kile kitabu kwa kisu na kukitupa motoni kipande kwa kipande, na Baruku akakaa akaandika upya. Na ukisogea mpaka 51:59 utamkuta ndugu yake, Seraya mwana wa Neria, akiwa ofisa anayesafiri na mfalme Sedekia kwenda Babeli. Baba mmoja: huyu yuko kwenye msafara wa mfalme, yule anachovya kalamu. Ndiyo maana simshangai Baruku alipolalamika kwamba amechoka na haoni raha. Jibu alilopewa lilikuwa hili: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Angalia kwamba Mungu hakumwambia kazi yake ni kubwa machoni pa mbingu. Hilo ndilo tunalopenda kuambiana sisi. Aliambiwa aache kutafuta ukubwa, na akaahidiwa uhai wake kila atakapokwenda. Mimi nilikuwa natafuta fremu yenye kioo.

Kwa hiyo, usiache. Ukiwa umechoka, pumzika, lakini pumzika kwa mdomo: mwendee kiongozi, mwambie, "Nahitaji miezi miwili, na huyu nimemfundisha kufunga spika." Kususa ni kitu kingine. Mimi nilisusa nikaita mapumziko, na taulo za Bwana zikakaa kabatini kwangu miezi mitatu. Na usihesabu. Usihesabu miaka, usihesabu sare za kwaya, usihesabu soda. Mwenye kuhesabu huishia kusikia orodha ya watu wengine wakati ibada inaendelea. Kila Jumapili tafuta kitu kimoja ambacho wewe peke yako unaweza kukiona kutoka hapo ulipo kwenye mitambo. Bibi anayekaa karibu na spika ya kushoto kwa sababu sikio moja halisikii. Msomaji wa neno ambaye sauti yake leo inatetemeka. Waombee hao. Na usihesabu, nimeshasema, narudia.

Luther mwenyewe mwaka 1520, alipowaandikia watawala wa Kijerumani, alisema fundi viatu, mhunzi na mkulima wana kila mmoja kazi yake, na bado wote ni makuhani sawa na maaskofu. Fundi mitambo hakuwepo zama zile, la sivyo angeingia.

Nanyi wachungaji na wazee, msijifiche nyuma ya makala hii. Unyenyekevu ni wa mtumishi kuuchagua; si wa kiongozi kumgawia mtu kwa sababu orodha imekuwa ndefu. Paulo alikuwa na makanisa mengi ya kusumbuka nayo kuliko usharika wowote wa Morogoro, lakini fungua Warumi 16: zaidi ya watu 20 kwa majina, na pamoja nao mama wa Rufo, ambaye Paulo anamwita mama yake pia. Hata Tertio, aliyekuwa anaandika tu, akaachiwa nafasi ya kusalimu kwa jina lake mwenyewe katika mstari wa 22. Barua ilikuwa ndefu, wino una gharama, na muda ulitosha.

Najua mtu atauliza: mbona unayetufundisha kufichika umeandika makala nzima ya kujitangaza? Ni kweli. Bado panauma kidogo, hasa nikipita sebuleni kwa watu nikaona ile fremu ukutani. Ninaye rafiki ameitundika juu ya televisheni.

Jumamosi hii saa kumi jioni nitakuwa chumba cha nyuma. Mama Mkubwa magoti yamemchosha, siku hizi anakaa kwenye kiti na kukagua, na vikombe vyangu anavirudisha bado. Mdogo wangu, kama hasira haijaisha nipigie, ila upige mapema. Ikishafika kumi na moja sitapokea, mikono itakuwa majini.