Kichwa Kiko Juu au Chini?

Swali: Ujauzito wangu una wiki 35, na kwa siku kadhaa nimekuwa nikigusa kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu. Je, mtoto ametanguliza matako, na ninaweza kujua mwenyewe?

Jibu: Huenda ni kichwa, lakini matako nayo huwadanganya wengi. Egemea mito, kunja magoti, kisha kisukume kitu hicho taratibu kwa vidole: kichwa hucheza peke yake kwa kuwa shingo inakiruhusu, ilhali matako ni laini zaidi na yakisogea huvuta mwili mzima. Mateke yanayopiga chini, karibu na kibofu, nayo hudokeza kwamba miguu iko huko, ingawa mtoto aliyeinyoosha miguu hadi usoni huvuruga hesabu hii. Kondo la nyuma likiwa limejishikiza upande wa mbele, dalili hufifia, na hapo kubahatisha hakuna maana.

Mtoto bado anaweza kugeuka mwenyewe; mimba inapotimia, wanaobaki wametanguliza matako ni takriban 3 hadi 4 kwa kila 100. Mwombe mkunga akupime tumbo kwa mikono na, akiwa na shaka, upigwe ultrasaundi, kwa sababu kuanzia wiki ya 36 au 37 daktari anaweza kujaribu kumgeuza mtoto kupitia tumbo, jambo ambalo wewe usilijaribu nyumbani. Chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali mara moja.