Mlanguzi, na povu la 1983

Swali lenu la wiki hii, "Neno gani la chuki lifutwe kwenye Kiswahili?", nimelisoma kwenye daladala nikashindwa kunyamaza. Langu ni mlanguzi. Ila habari ya kulifuta tuiache kwanza, mi nataka kusema lilivyofika nyumbani kwetu.

Kulangua ni kununua kitu, unakificha, kikiadimika unauza bei ya kuruka. Biashara mbaya lakini biashara. 1983 waziri mkuu Sokoine akatangaza vita dhidi ya walanguzi, neno likaja na pacha wake mhujumu, hilo linatokana na hujuma, Kiarabu cha kushambulia, yani mwenye katoni mbili za sabuni akawa kama kavamia nchi. Na nchi yenyewe ndo imetoka kumpiga Amin, hela za kigeni hakuna, foleni toka alfajiri na sabuni hupati.

Nilikuwa darasa la tatu, Morogoro. Mjomba, mdogo wake mama, alikaa kwetu, tarishi tu wa ofisini, na chini ya kitanda chake kulikuwa na katoni mbili za sabuni za miche. Msako ulipoanza tukasikia watu wanamwaga sukari usiku, wengine wanatupa khanga porini. Mjomba akapata homa ya ghafla. Usiku akachimba shimo nyuma ya migomba akazika zote, akasahau kitu kimoja tu, masika. Mvua ikapiga siku mbili mfululizo, asubuhi ya tatu mfereji unatoka povu. Povu jeupe, likapita kwa jirani wa kwanza, wa pili, mpaka barabarani, na mtaa mzima miezi hauna sabuni! Watoto wenzangu wakaanza "mlanguzi! mlanguzi!", mama mmoja akaja na karai, hakusalimia mtu, akakinga yale maji akafua hapohapo mbele ya dirisha la mjomba. Hakuna aliyetuchoma kwa askari. Ila mimi shuleni nilibaki "povu" mpaka namaliza la saba.

Nilianza kuandika nimtetee mjomba, kwamba uhaba ndo ulileta chuki sio yeye. Lakini nikikumbuka vizuri, mama alikuwa ananunua mche kwake, dada yake wa tumbo moja, mara tatu ya bei ya dukani. Sasa huyo utamwitaje? Sawa, ile sheria ya 1983 ya kuwashtaki wahujumu haikuruhusu mshtakiwa hata awe na wakili, 1984 ikabidi ibadilishwe, hilo sitetei. Ila neno lisifutwe. Au lifutwe kwa wenye katoni mbili libaki kwa wenye maghala, japo sijui mstari tunauchora wapi.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipovuka 4,000 kwa kilo mjomba alinipigia simu, keshastaafu zamani, anafoka "hawa walanguzi wafungwe wote!" Nikamwambia kweli mjomba. Halafu tukanyamaza wote wawili, vocha inateketea tu.