Kwa unayempigia mbunge kura mara ya kwanza: usihesabu malori ya kifusi

Binti wa kaka yangu ametimiza miaka 18, ameandikishwa, na kadi yake ya mpiga kura ameichomeka ndani ya kava la simu. Jioni moja alinikuta kwenye cherehani hapa Tabata. "Shikamoo shangazi. Hivi mbunge nimpe nani?" Nikamwitikia, nikamwambia avute kigoda akae. Jina sikumpa, na wewe pia sitakupa. Ila nitakueleza niliyomweleza yeye, maana napiga kura tangu mwaka 2000, na ile ya kwanza niliitoa bila kujua ninamtuma mtu kazi gani.

Wakati huo nilikuwa nimepanga bondeni, jirani na Mto Msimbazi. Masika ikifika tulikuwa tunapandisha magodoro juu ya meza. Wiki mbili kabla ya uchaguzi likaja lori la kifusi, likamwaga kwenye kona ile mbovu kuliko zote, watoto wakalizunguka wakishangilia. Nyuma yake akaja mgombea na kipaza sauti, na kina mama tukagawiwa khanga. Nikampa kura. Vuli ilipoanza kukolea, kifusi chote kilikuwa kimesombwa mpaka mtoni, na mheshimiwa hatukumtia machoni tena hadi kampeni nyingine. Nilikasirika sana. Baadaye nilipojua kazi ya mbunge ni ipi hasa, nikaona kosa la kwanza lilikuwa langu: nilimpima kwa lori.

Siku ya kupiga kura utapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Usizichanganye kichwani. Takataka zisizozolewa, soko la mtaa na mambo ya kata muulize anayetaka udiwani. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji yako DAWASA, mamlaka ya maji ya hapa Dar. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo hawezi kusema hayo hayamhusu, lakini nguvu yake kubwa iko Dodoma. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba yetu. Kutunga sheria, kupitisha bajeti, kumbana waziri: hiyo ndiyo kazi unayomtuma. Kwa hiyo mfereji wa mtaani kwako, kwa sehemu kubwa, unaamuliwa kati ya Aprili na Juni, wizara zinapopeleka bajeti zao, miezi mingi kabla mtu hajaleta lori.

Hapo ndipo pa kumchunguza mbunge anayeomba kurudi. Zamani nilikuwa nashona huku nasikiliza Bunge moja kwa moja. Matangazo yalipopunguzwa mwaka 2016 nikajifunza kusoma. Taarifa rasmi za majadiliano, ambazo watu huziita Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Chukua siku za bajeti ya wizara inayogusa shida yako, tafuta jina lake kwenye simu, soma. Utakutana na mchango wa aina moja mara nyingi sana: mheshimiwa analalamika maji hayatoki, barabara hazipitiki, zahanati haina dawa, kengele ikigongwa anamaliza kwa "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Soma mpaka mwisho, usiishie kwenye malalamiko. Malalamiko hata mimi nayaweza, tena bila posho.

Sasa tafuta kama amewahi kushika shilingi. Neno hili utalisikia sana, na wengi hulirudia bila kujua maana yake. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitia fungu moja moja la bajeti, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri. Ni shilingi moja tu, lakini waziri atalazimika kusimama kujibu, na wabunge wengine wanaweza kuingia kwenye mjadala. Nilikuwa nasikiliza siku moja, suruali ya mteja mkononi, mbunge mmoja akashika shilingi kwa sauti ya kishujaa. Waziri akasimama akasema jambo hilo "tumelichukua, tutalifanyia kazi." Mbunge akashukuru, akarudisha shilingi, yaani akaiondoa hoja yake. Sikuwa nimemaliza hata pindo la mguu mmoja. Kwa hiyo usiulize tu kama alishika. Angalia alirudisha kwa ahadi gani, na kama mwaka uliofuata aliikumbusha.

Mgombea mpya hana Hansard. Kama amekuwa diwani, ulizia watu wa kata yake. Kama hajawahi kuwa chochote, mfuate kwenye vikao vidogo. Mikutano mikubwa ya muziki inakuchosha tu, pale hapana nafasi ya swali. Nenda anapokaa na kina mama wa vikoba au vijana wa bodaboda. Swali langu ni hili, lichukue kama lilivyo: "Bajeti ya wizara ikija haina fedha za mfereji wetu, na chama chako kinataka ipite, wewe utafanya nini?" Kura ya bajeti kuu ya Serikali hupigwa kwa kuitwa jina, mbunge mmoja mmoja, na jibu lake huandikwa. Hawezi kujificha kwenye kelele za "ndiyo".

Nataja chama kwa sababu ukimchagua mtu umechagua na chama chake. Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho, na akipoteza uanachama amepoteza na kiti. Mtu mzuri ndani ya chama kisichomruhusu kusema atakaa kimya, na utamlaumu bure. Soma ilani za vyama, angalau kurasa zinazohusu maisha yako.

Na jambo hili wengi hawaambiwi. Utasikia, "fulani hashindi, usipoteze kura." Kiti cha jimbo ni kweli kinakwenda kwa mwenye kura nyingi, hata akimzidi mwenzake kwa moja. Lakini kura za ubunge za nchi nzima hujumlishwa kwa kila chama, na chama kinachofikisha angalau asilimia 5 hugawiwa viti maalum vya wanawake kulingana na kura zake. Chama cha uliyemchagua hubaki na kura yako kwenye hesabu hiyo, hata yeye akishindwa jimboni. Nilipolijua hili niliacha kufuata upepo.

Khanga, vitenge, pesa ya soda: zamani sheria ilikuwa na mlango ulioitwa takrima, yaani mgombea kuruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaufunga mwaka 2006. Anayekugawia leo anajua anachofanya. Mimi sipokei. Kuna jirani yangu anayesema pokea halafu mpe umtakaye. Namheshimu, lakini nimeona watu wazima wakiona aibu kumnyima aliyewapa, na aibu hiyo ndiyo anayoinunua.

Nyie wapangaji wa Dar, mnaohama kila kodi ikipanda, angalieni mmeandikishwa wapi. Ukihamia jimbo jingine, hamisha taarifa zako wakati wa uboreshaji wa daftari, na jina lako likague kituoni kabla ya siku yenyewe.

Juzi binti alirudi. Alikwenda kwenye kikao cha vijana wa bodaboda na mwenzake mmoja, akawauliza wagombea wawili lile swali. Mgombea wa kwanza alimwambia, "Mdogo wangu, hayo tuachie sisi." Wa pili alinyamaza kidogo, akasema atashika shilingi, na akieleweshwa atairudisha. Binti akamuuliza tena, akieleweshwa nini? Mgombea akacheka, akaomba apewe muda alifikirie. Majibu yote mawili ameyaandika kwenye daftari, na tarehe, na Jumamosi anarudi kwa yule wa pili.