Fundi Anajibu: Drili ya hama ilinipindua mkono

Swali: Mzee, habari ya kazi. Mimi ni fundi wa milango na madirisha hapa Mbale. Nimenunua drili ya hama, ile inayozungusha huku ikigonga, iliyotumika. Haikuja na mpini wa pembeni, muuzaji akasema huo ni wa wanaojifunza. Jumamosi nilikuwa juu ya ngazi natoboa linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, kwa biti ya milimita 14. Biti ikakwama ghafla, mashine ikazunguka na mkono wangu. Bado umevimba. Je, sikukandamiza vya kutosha? Halafu biti inachezacheza mdomoni mwa mashine hata nikishaifunga. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Pole sana, mwanangu. Kwanza mkono huo ukapigwe picha hospitali. Uvimbe wa tangu Jumamosi si wa kukanda kwa maji moto.

Hukukosea kwa kutokandamiza. Ndani ya linta kuna nondo, na biti ya zege haikati chuma. Ikinasa, mota haijui. Inaendelea kuzunguka, na kwa kuwa biti haiendi, kinachozunguka ni mashine pamoja na aliyeishika. Drili nyingi zina klachi ya kuteleza, inayoiachia mota izunguke peke yake biti ikinasa, lakini hiyo huteleza baada ya kukupiga mtikiso wa kwanza, na kwenye mashine ya mtumba huenda imeisha. Anayeuzuia mtikiso ule ni mkono wako wa pili ulioshika mpini wa pembeni. Mimi niliuvua mwaka 2009, kwenye ghala moja Arua, kwa sababu ulinizuia kuingia pembeni mwa ukuta. Shimo moja tu, nikajiambia. Kidole gumba changu cha kulia hakikunjiki sawasawa hadi leo. Aliyekwambia mpini ni wa wanaojifunza hajawahi kukutana na nondo. Tafuta unaoingia shingo ya mashine yako, ukaze, na mpaka uupate usitoboe zege.

Ngazi nayo, iache. Funga jukwaa, simama miguu imeachana, kichwa kisiwe chini ya biti. Ukihisi biti imegonga kitu kigumu na vumbi linatoka jeusi badala ya jeupe, achia swichi, sogeza shimo.

Kuhusu kukandamiza: ndani ya mashine kuna pistoni inayobana hewa, hewa hiyo inarusha kinyundo, kinyundo kinapiga mkia wa biti. Kazi ni ya kinyundo. Wewe sukuma kiasi cha kuizuia isirukeruke, basi. Ukiilalia kwa kifua unakizuia kinyundo na kuichemsha mota.

Biti kucheza si ubovu. Mkia wa biti wa aina ya SDS-plus, ule wa milimita 10 wenye mifereji, umetengenezwa uende mbele na nyuma kidogo, la sivyo usingepigika. Chomoa plagi ukutani kwanza. Futa vumbi mkiani, paka grisi kidogo, ingiza huku ukizungusha mpaka usikie "ta". Kisha ivute kwa nguvu. Ikibaki, imefunga.

Sasa lile ambalo hukuuliza, na ambalo hapa kwetu linanitia hofu kuliko nondo: umeme kukatika. Kile kitufe cha kufungia swichi kinapumzisha kidole, lakini umeme ukikatika ukaiweka drili chini huku kitufe kimefungwa, umeme ukirudi mashine itaamka peke yake jukwaani, na huenda kijana wako amekaa karibu. Umeme ukizima, fungua kitufe, chomoa plagi, ndipo ukanywe chai. Waya wa ekstensheni uukunjue wote, kwa maana ukiuacha umejiviringa hupata moto. Na mashine ikikutekenya kwa umeme mkononi hata mara moja, usiitumie tena mpaka fundi umeme aifungue.

Vaa miwani, ziba masikio, na funika pua kwa barakoa ya N95 iliyobana vizuri. Kitambaa hakizuii vumbi la zege, na vumbi lile likikaa kwenye mapafu halitoki. Shimo usilipulize kwa mdomo. Lisafishe kwa pampu ya mkono na brashi.

Swali: Fundi, mimi ni mama mwenye nyumba Jinja. Kila fundi akija kufunga vyuma vya pazia, ukuta wangu wa matofali ya kuchoma unamomonyoka. Ni drili?

Jibu: Mama, ni ule mkono wa kubadilisha kazi, nyundo au mzunguko, ulio ubavuni mwa drili. Mwambie azime nyundo, abaki na mzunguko peke yake. Tofali letu la kuchoma ni laini, nyundo inalipasua. Aubadilishe mashine ikiwa imesimama kabisa. Na asitoboe juu ya swichi ya taa wala chini yake, kwa sababu kwa kawaida waya hupita wima hapo.