Gari la mkononi lisilokunywa mafuta: anza na injini na giaboksi, rangi baadaye

Mtu mwenye bajeti finyu huingia yadi na jina moja kichwani, IST au Vitz, kisha huchagua kwa rangi, rimu na herufi ya namba ya usajili. Herufi ndiyo huwapoteza wengi. Namba E inaonyesha gari limesajiliwa Tanzania hivi karibuni, haisemi limetengenezwa lini. IST mbili za mwaka 2003 zinaweza kusimama pamoja, moja namba B na nyingine namba D, na ile ya namba B ikawa ndiyo nzima. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari, usome huko. Baada ya hapo shughulika na vitu viwili ambavyo vikifa vinamaliza akiba yote: injini na giaboksi. Vyote vinapimika kabla hujampa muuzaji hata shilingi.

Kwanza pesa yenyewe. Ukiwa na milioni 10, usitafute gari la milioni 10. Tafuta la milioni 8 na nusu. Iliyobaki ni ya kuhamisha umiliki, bima na sevisi ya kwanza. Anayemaliza pesa yote kwenye kununua huanza safari kwa oili ya mwenye gari aliyepita, ambayo hajui ina umri gani, na injini nyingi hunoki katika miezi hiyo ya mwanzo.

Mafuta nayo yapigie hesabu kwa karatasi. Tuseme unatembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 1,040. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 74 hivi. Linalokwenda kilomita 9 kwa lita litatumia zaidi ya lita 115. Hiyo tofauti ya lita 41 izidishe kwa bei kikomo ya mwezi huo ya EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, halafu zidisha kwa 12. Ndipo utaona kwa nini gari la cc 2,000 linalouzwa rahisi huwa halina unafuu wowote.

Injini za kutafuta na za kukimbia

Kwa pesa ndogo, angalia alama ya injini kabla ya jina la gari. Chaguo langu la kwanza ni familia ya NZ ya Toyota: 2NZ-FE ya cc 1,300 iliyomo kwenye IST, na 1NZ-FE ya cc 1,500 iliyomo kwenye IST ya 1.5, Raum, Spacio, Runx, Allex, Probox, na Premio na Allion za 1.5. Zinatumia taiming cheni, si mkanda, hivyo hakuna mkanda wa kukatika njiani. Kila fundi anazijua na vipuri vyake vimejaa Kariakoo na Ilala. Ikiwa imetunzwa, IST ya 1.3 kwa kawaida huenda kilomita 10 hadi 12 kwa lita kwenye foleni za Dar, na 15 au zaidi barabara kuu.

Chini yake kuna 1KR-FE ya cc 996, silinda tatu, iliyomo kwenye Passo na Vitz ndogo. Ikisimama kwenye taa inatetemeka kidogo. Hiyo ni asili yake, usiogope. Kwa mtu mmoja au wawili mjini, katika hizi hakuna inayobana mafuta kama hiyo. Ila ukipakia watu watano na mizigo ukapanda mlima Kitonga, utaikanyaga mpaka mwisho na unafuu wote unapotea. Anayekwenda mikoani kila mwezi achukue 1.3 au 1.5.

Za kukimbia, kama mfuko ni mwembamba, ni injini zenye maandishi ya D-4 juu ya kifuniko: 1AZ-FSE kwenye Premio na Allion za 2.0 na baadhi ya Noah, na 3S-FSE kwenye Corona Premio. Mafuta yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hayaoshi valvu za kuingizia hewa, na masizi hujazana pale. Pampu yake ya presha kubwa haivumilii petroli chafu, na kuibadilisha ni pesa nyingi. Ndiyo maana magari hayo huuzwa bei ya kuvutia. Kuwa makini pia na 1ZZ-FE ya cc 1,800 iliyotengenezwa kabla ya 2005. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yakiziba ringi hushika na injini inaanza kula oili. Honda Fit ya kwanza ya 1.3 inabana mafuta vizuri sana, lakini ina plagi 8, mbili kila silinda, na giaboksi ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua. Ikihitaji sevisi, hesabu plagi 8, si 4.

Ukifikiria kuagiza Japani badala ya kununua hapa, weka gari unalolitaka kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma pesa. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila inaongeza ushuru wa uchakavu, na kwa gari dogo la zamani kodi inaweza kufikia au kupita bei ya gari lenyewe.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi

Panga kuliona gari asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, limeshawashwa. Subiri lipoe au rudi siku nyingine. Injini mbovu huficha mengi ikishapata moto.

Kabla ya kuwasha, chomoa stiki ya oili. Oili nyeusi si kosa. Oili iliyo chini ya alama ya chini, na muuzaji anasema amefanya sevisi juzi, maana yake inaliwa au inavuja. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani. Masizi mazito yaliyoganda yanaonyesha oili imekuwa ikicheleweshwa kubadilishwa. Krimu nyeupe ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Kwenye mikoa ya baridi kama Njombe, gari la safari fupi linaweza kuwa na krimu kidogo kwenye kifuniko tu. Ikiwa ipo hata kwenye stiki, achana nalo. Fungua rejeta pia, injini ikiwa ya baridi tu: maji yenye kutu yanakwambia limekuwa likijazwa ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini.

Sasa geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya cheki injini na ya eabegi lazima ziwake, kisha zizime baada ya muda au injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa balbu au ameikata. Ikizima sekunde ileile na taa ya chaji, huenda imeunganishwa nayo ili kukudanganya.

Washa, na mwenzako asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu wa mara moja unapowasha mara nyingi ni sili za valvu zimechoka. Bluu inayoendelea kila ukikanyaga ni ringi, na hapo unazungumzia kufungua injini. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, pamoja na mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo ndilo linalokula mafuta kimyakimya kwenye magari mengi hapa kwetu. Gari likichemsha, mafundi wengi hutoa termostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kukuambia "huku ni joto, haina kazi". Ina kazi kubwa. Bila termostati maji huzunguka muda wote, injini haifiki joto lake, na kompyuta ikiona injini ni ya baridi huongeza petroli. Oili nayo huchelewa kuwa nyepesi. Tatizo la awali, kama rejeta iliyoziba au feni mbovu, linabaki palepale limefunikwa. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ya injini baridi. Itazame: kwa Dar inapaswa kuzima baada ya dakika chache. Ikichelewa sana, au ikazima mjini halafu ikawaka tena ukiwa mwendo wa kilomita 80 barabara kuu, termostati haipo au imekwama wazi. Ukiwa na kifaa kidogo cha OBD2 cha kuunganisha na simu, soma joto la maji. Injini nzima hukaa kati ya nyuzi 80 na 95, na haishuki ovyo ukiongeza mwendo. Termostati mpya ni bei ndogo, kwa hiyo peke yake haikuzuii kununua. Uliza tu kwa nini ilitolewa, na kagua rejeta na feni kabla hujaamini jibu.

Giaboksi ipime injini ikishapata moto. Kanyaga breki, ingiza D, kisha R. Gia ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kugonga. Ikichelewa, au gari likashtuka, oili yake imechoka au imechomeka. IST ya kwanza, Raum, Spacio na Runx zina otomatiki ya kawaida ya gia nne, nayo ni ngumu kuua. Vitz za 2005 kuendelea za 1.0 na 1.3, Passo za 2010 kuendelea, na Premio na Allion za 2007 kuendelea hutumia CVT. CVT inabana mafuta vizuri, lakini inahitaji oili yake maalumu. Ikimwagiwa ya otomatiki ya kawaida na fundi asiyejali, mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza. Dalili yake ni kutetemeka gari linapoanza kuondoka, kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa, au mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo. Ukisikia hivyo, usikubali kauli ya "ni oili tu". Nenda na fundi wako, si wa dalali, na umlipe hata kama gari utaliacha.

Kwenye majaribio ya barabarani, kata usukani hadi mwisho na uendeshe polepole: sauti ya ka-ka-ka ni jointi ya ekseli. Pita barabara ya vumbi yenye mashimo usikilize bushi na shokapu. Hizo ni za kupunguzia bei, si za kukimbilia.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Linganisha na raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita 70,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Wakati mwingine stika ya Kijapani ya kubadilisha oili bado iko ubavuni mwa mlango, na imeandikwa kilomita. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: ukiona mstari wa tope, gari hilo lilizama kwenye mafuriko, na umeme wake hautakuacha ulale. Inua zulia la buti uangalie kama bati la mahali pa tairi la akiba limekunjamana. Magari yaliyokaa kando ya bahari yaangalie uvunguni, chumvi hula kuanzia huko.

Karatasi, kisha sevisi

Linganisha namba ya chasisi iliyochongwa kwenye bodi na ya kwenye kadi. Chasisi inayoanza na NCP60 ni IST ya 1.3; ukikuta ndani kuna 1NZ, injini imebadilishwa, na kadi inapaswa kuonyesha hivyo. Angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki na madeni ya maegesho, maana huifuata namba, si mtu. Hakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Muulize muuzaji waziwazi kama kadi imewekwa kwa mkopo, na usilipe kabla hujaishika kadi halisi. Lipa kupitia benki, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA mapema. Utahitaji TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Gari linalobaki kwa jina la mtu mwingine linaweza kuhesabiwa mali yake akifariki au akidaiwa.

Siku ya kulichukua, lipeleke sevisi moja kwa moja. Injini za NZ zinachukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta. Weka 5W-30, si ile nzito ya SAE 40 ambayo mafundi huipenda kwa gari la zamani. Mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa valvu kufunguka, unaongozwa na oili inayopita kwenye chujio dogo sana, na oili nzito huuchelewesha. Badilisha filta ya hewa, plagi, na oili ya giaboksi ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye stiki yake. Jaza kulanti badala ya maji. Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha mlango wa dereva.

Kisha pima. Jaza tenki hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha tripu sifuri, endesha siku zako za kawaida, jaza tena kwenye pampu ileile. Kilomita 238 kwa lita 17 ni kilomita 14 kwa lita. Fanya hivyo kwa tenki tatu. IST yako ikibaki kwenye 8 au 9 bila foleni ya kutisha, anza na termostati, breki zinazobana gurudumu bila kukanyagwa na sensa ya oksijeni, kwa mpangilio huo, kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua injini.