Jenereta nawasha kila siku, mbona betri zinakufa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Kilwa, kwetu nguzo za umeme hazijafika. Nina jenereta ya kVA 2.5, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, na betri mbili za maji za volti 12, ampea-saa 200 kila moja. Kila jioni nachaji kwa muda wa saa nne kwa chaja ya ampea 20. Usiku tunatumia taa sita, TV na feni. Mwanzoni tulikuwa tunafika asubuhi. Sasa ni mwezi wa kumi tangu tuanze, na inveta inalia saa saba usiku kisha inazima. Nimeuziwa betri feki?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujaenda kugombana na muuza duka, tupige hesabu. Taa za wati 9 na TV ya wati 60 kwa saa tano, feni ya wati 50 kwa saa nane: jumla wati-saa 970. Inveta nayo inakula yake, kwa hiyo ukigawa jumla yote kwa volti 12, kila usiku betri zinatoa kama ampea-saa 95. Chaja yako ya ampea 20 kwa saa nne hairudishi hata 80. Kila siku unakopa, hulipi.

Betri ya risasi kama hizo zako ikishinda na njaa miezi yote hiyo, salfeti (chumvi ya risasi) huganda kwenye bamba zake, na sehemu iliyoganda haihifadhi umeme tena. Hilo ndilo lililokupata.

Utashauriwa uongeze betri ya tatu. Usikubali. Mpya ikifungwa pamoja na zilizochoka, nayo itachoka mapema. Ongeza njia ya kuzijaza. Kwa betri zako chaja inayofaa ni ya ampea 40, na jenereta hiyo inaimudu bila shida. Lakini betri ikikaribia kujaa hupokea chaji kidogo kidogo kwa saa nyingi, na kuunguza petroli kwa ampea tano au sita ni kutupa fedha. Kazi hiyo ni ya jua. Funga paneli za wati 400 na kontrola yake ya kudhibiti chaji, kisha jenereta uiwashe asubuhi, si jioni: ikitoa chaji nzito saa moja au mbili, sola itamalizia mchana. Siku za jua kali huenda usiiguse kabisa.

Betri za sasa zijaze kwanza mpaka mwisho, ziache saa kadhaa bila mzigo, upime kwa mita. Volti 12.7 ni kujaa, 12.1 ni kama nusu. Zikifika 12.7 na bado zinaisha upesi, hapo ndipo ununue nyingine.

Na nakusihi, jenereta isiingie ndani wala barazani, hata mvua ikinyesha. Ijengee kibanda mbali na madirisha; moshi wake una gesi isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini.