Nyanya na Tumbaku ni Ndugu: Sumu Zao Zilitoka Wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa nyanya na ngogwe huku Igombe, Mwanza, kando ya ziwa. Bwana shamba wetu alitueleza kwamba nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili, mnavu, ndulele na hata tumbaku ni mimea ya ukoo mmoja. Kama kweli ni ndugu, imekuwaje ndulele iwe na sumu, pilipili iwashe, tumbaku ilevye, na nyanya tuzile mbichi? Tena mmea usio na akili ulijifunzaje kutengeneza kemikali za namna hiyo? *Mkulima, Igombe.*

Jibu: Ndugu mkulima, bwana shamba wenu alisema kweli. Mimea yote uliyoitaja imo katika familia ambayo wataalamu huiita Solanaceae, yenye spishi zipatazo 2,700, na humo humo umo mnanaha, ule mmea wa majalalani wenye maua marefu meupe na matunda ya miiba, ambao mbegu zake zina sumu ziitwazo atropini na skopolamini na zimewahi kuua watu.

Mmea haukujifunza. Kila mmea una jeni zinazouwezesha kuunda vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia za kila siku ndani ya seli, kama vile kutengeneza asidi amino, vitamini na mafuta. Mara chache, seli inaponakili jeni zake, jeni moja hutoka mara mbili, na katika historia ndefu ya mimea imetokea hata jeni zote kuongezeka kwa mkupuo. Jenomu ya nyanya, yaani jumla ya jeni zake zote, ilipochapishwa mwaka 2012, ilidhihirika kwamba mababu wa nyanya na viazi waliwahi kujikuta na jeni zao zote mara tatu, yapata miaka milioni 70 iliyopita. Mvuvi mwenye mtumbwi mmoja hathubutu kuuchonga upya, maana nyumbani watakosa kitoweo. Mwenye miwili anaweza kuujaribu wa pili apendavyo. Jeni ya asili huendelea na kazi yake, nayo nakala hubaki huru kubadilika. Mabadiliko mengi huiharibu tu, ikafa kimya. Lakini ikitokea kwamba nakala iliyobadilika inatoa kemikali inayomkera mdudu, mmea wenye nakala hiyo hubakiwa na majani na mbegu nyingi kuliko jirani zake, na kizazi baada ya kizazi nakala ile huenea.

Ushahidi ulio karibu nawe zaidi umo mikononi mwako. Unapopunguza machipukizi ya nyanya, vidole hunata, hugeuka rangi ya manjano ya kijani, kisha huwa vyeusi, na harufu yake hubaki hata baada ya kunawa kwa sabuni. Huo ni ute wa vinyweleo vidogo vinavyofunika shina na majani. Sehemu kubwa ya kinachonata ni sukari ile ile iliyomo katika muwa, iliyobandikwa vipande vya asidi, na wadudu wadogo kama inzi weupe hunasa humo au huukimbia. Kimeng'enya kimoja kati ya vinavyoandaa vipande hivyo ni nakala ya kimeng'enya kinachoshiriki kutengeneza lusini, asidi amino ambayo hakuna mmea unaoweza kuishi bila hiyo. Kimeng'enya cha asili husita lusini inapotosha. Nakala yake ilipoteza sehemu ya mwisho inayopokea kizuizi hicho, na sasa inafanya kazi bila breki katika seli za ncha ya kinyweleo. Kwa maoni yangu, hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi silaha inavyotoka jikoni kwa mmea wenyewe.

Tumbaku imefuata njia hiyo hiyo kwa namna yake. Nikotini huunganishwa kutoka pande mbili: upande mmoja unatokana na njia ambayo mimea hutumia kutengeneza vitamini B3, na wa pili unatokana na njia ya poliamini, kemikali zinazohitajika katika ukuaji wa seli. Pande zote mbili zina jeni zilizotokana na nakala. Kazi hiyo hufanyika mizizini, kisha nikotini hupanda pamoja na maji hadi majanini. Ndiyo maana nyanya ikibebeshwa juu ya mizizi ya tumbaku, majani yake hupata nikotini, na tumbaku ikibebeshwa juu ya mizizi ya nyanya huikosa karibu yote. Hapa ndipo undugu unapoonekana, kwa kuwa hatua za mwanzo za upande ule wa pili ndizo hizo hizo anazopitia mnanaha kuelekea kwenye atropini. Ndugu hao wawili husafiri pamoja hadi njia panda, kisha kila mmoja hushika njia yake.

Nyanya, viazi, bilinganya na ndulele wana silaha nyingine inayowaunganisha: alkaloidi chungu zinazotengenezwa kutokana na kolesteroli na kufungwa na sukari. Katika viazi huitwa solanini na chakonini, katika nyanya huitwa tomatini. Unazila nyanya bila madhara kwa sababu tunda linapoiva vimeng'enya huigeuza tomatini kuwa kitu kisicho na uchungu. Mbegu zikishakomaa, mmea unataka tunda liliwe. Katika visiwa vya Galapagos, watafiti wameona kwamba nyanya mwitu za visiwa vichanga vya magharibi hutengeneza alkaloidi za umbo linalofanana na la bilinganya, na kwamba kubadilisha asidi amino nne tu za kimeng'enya kimoja kunatosha kuleta tofauti hiyo.

Pilipili nayo huweka kapsaisini katika utando mweupe unaoshika mbegu. Ndege hawauhisi ukali huo, nao hubeba mbegu zikiwa nzima. Wanyama wenye meno ya kusaga huwashwa na kuacha. Pilipili hoho ni pilipili ambayo jeni moja ya kazi hiyo imeharibika.

Jambo hili linakuhusu moja kwa moja shambani. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya na aliyeingia Tanzania mwaka 2014, asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako alikua pamoja na nyanya mwitu na kuzoea ulinzi wao kwa kiasi fulani. Nyanya zetu za shambani zina ute kidogo sana zikilinganishwa na nyanya mwitu ya Peru iitwayo Solanum pennellii, ambayo ute wake unaweza kufikia sehemu ya tano ya uzito wa jani kavu. Ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu wanazichavusha nyanya hizo pamoja, wakitafuta aina itakayojilinda na kukupunguzia gharama ya dawa.

Swali: Viazi nilivyoviacha juani vimekuwa vya kijani. Nikivichemsha kwa muda mrefu, je, sumu itaisha? *Mama Lishe, Nansio, Ukerewe.*

Jibu: Hapana, mama. Rangi ya kijani yenyewe ni klorofili, ambayo haidhuru, lakini mwanga ulioileta huchochea pia solanini, na joto la maji yanayochemka halitoshi kuivunja. Ikiwa ukijani ni kidogo, menya ganda nene na uyakate machipukizi pamoja na macho yanamoota. Kiazi kilichoenea ukijani au chenye uchungu mdomoni kitupe, wala usimpe mtoto. Akiba yako ihifadhi gizani, mahali pakavu penye hewa, ndani ya gunia lililofungwa na si kwenye beseni mbele ya duka.